Mshubiri wa uani: mwongozo kamili wa kuukata, kuuchuja na kuutumia bila kujiumiza

Bibi yangu, Tanga, alikuwa na kikombe cha bati kilichobanduka rangi ambacho kilikuwa na kazi moja tu. Hakikunywewa chai wala hakikuchotewa uji. Kilitundikwa kwenye msumari nyuma ya jiko, na akikata jani la mshubiri alilisimamisha humo, upande uliokatwa ukielekea chini, kisha akaenda zake kuchambua mchele. Akirudi, chini ya kikombe palikuwa na utomvu mzito wa manjano, wenye harufu kali inayofanana kidogo na vitunguu vilivyooza. Alikwenda kuumwaga nyuma ya choo.

"Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, mjukuu wangu," alinieleza mara ya kwanza nilipomuuliza mbona anamwaga dawa. "Tunayoitaka leo ni ile nyingine."

Sikuelewa. Nilielewa miaka kumi na kitu baadaye, nilipokuwa nimepanga chumba mjini na nimepata blenda yangu ya kwanza. Nilitia jani zima, ganda na miiba yake, nikaongeza asali na ndimu, nikanywa bilauri iliyojaa kwa sababu mtu fulani aliniambia inasafisha damu. Kama damu ilisafishika sijui. Tumbo lilisafishika. Choo tulikuwa tunachangia wapangaji sita, na usiku ule kilikuwa changu peke yangu.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kikombe kile cha bati. Karibu kila kosa ninaloliona kwa watu wenye mshubiri uani linatokana na kutojua kwamba jani lile lina vitu viwili.

Jani moja, dawa mbili

Kata jani kwa kulipingiza, ulishike kwenye mwanga. Nje kuna ganda la kijani. Katikati kuna nyama angavu inayoteleza, mfano wa ute wa yai bichi. Baina ya hivyo viwili, ukitazama kwa makini, utaona vitone vya manjano vikijitokeza kwa duara kulifuata ganda. Vile vitone vinatoka kwenye vimirija vya utomvu.

Utomvu huo ndio shubiri ya methali, ile tunayoisema tukitaka kutaja kitu kichungu kupita vyote. Neno tumelipata kwa Waarabu, na linatoka kwenye mzizi ule ule uliotupa subira. Ndani yake mna kemikali iitwayo aloini. Ikifika kwenye utumbo mpana inauchokoza, inavuta maji, na mtu anaharisha. Zamani biashara yote ya shubiri ilikuwa ya utomvu huu: unakingwa, unachemshwa au kuanikwa mpaka unakuwa bonge jeusi kama lami kavu, halafu unauzwa kama dawa ya kufungua choo. Shubiri ya kisiwa cha Sokotra ilikuwa na sifa dunia nzima, na wauza dawa wa Ulaya walikuwa na aina waliyoiita shubiri ya Zanzibar, kwa sababu ilipitia bandari ya Unguja ikiwa imefungwa ndani ya ngozi za wanyama.

Ute ni kitu kingine kabisa. Takriban asilimia 99 ni maji, na kilichobaki zaidi ni sukari ndefundefu zinazoyashika maji hayo yasikauke upesi. Ukiupaka kwenye ngozi unapoza na unaifanya ibaki na unyevu. Hauna uchungu wa kutajika.

Shirika la Afya Duniani lilipochapisha maelezo ya mimea dawa mwaka 1999, liliutenga utomvu na ute katika sura mbili tofauti, kana kwamba ni mimea miwili. Bibi hakuwahi kuyasoma hayo. Alikuwa na kikombe.

Kwanza hakikisha kwamba ni mshubiri

Unaouzwa kwenye vitalu vya miche, ambao wengi sasa huuita alovera, ni Aloe vera. Asili yake ni Rasi ya Uarabuni, ukiwa ndugu wa karibu wa mimea inayoota kwenye milima ya Oman. Hauna shina la kuonekana. Majani yanachomoza karibu na ardhi kama yamefungwa fundo. Ni manene, ya kijani iliyochanganyika na kijivu, na yakiwa machanga huwa na madoa meupe. Miiba ya pembeni ni midogo na laini kiasi. Maua yake ni ya manjano.

Huku kwetu ipo mingine mingi ya porini. Unaojulikana zaidi Kenya na Tanzania ni Aloe secundiflora, wenye majani ya kijani iliyokolea na maua mekundu yanayotazama upande mmoja wa kitawi. Wakamba huita mishubiri kiluma, Wajaluo huita ogaka. Pemba ina mshubiri wake usiopatikana kwingine, Aloe pembana, na pwani ya Kenya ina wake uliopewa jina la Kilifi. Waganga wetu wameitumia ya porini tangu zamani, lakini kwa mtu wa kawaida nasema usiiguse kwa kunywa. Utomvu wake ni mwingi na mkali, na si yote iliyo salama: Aloe ruspoliana, unaoota kaskazini mwa Kenya, Ethiopia na Somalia, una sumu ambayo wafugaji wameitumia kuulia fisi.

Tena kuna mimea isiyo mishubiri hata kidogo ila imefanana nayo. Vunja ncha ya jani na uangalie kinachotoka. Ukiona nyuzi zinavutika kama kamba, hiyo ni katani au jamaa zake, na maji ya katani yanawasha ngozi vibaya. Ukiona maziwa meupe, tupa na unawe mikono kabla hujajigusa uso, maana huo ni jamaa wa mnyaa, na maziwa yake yakiingia jichoni yanaweza kukupofusha. Mshubiri hutoa utomvu wa manjano na ute usio na rangi, basi.

Kuupanda

Hapa sina mengi, kwa sababu mshubiri haufi kwa kutelekezwa. Unakufa kwa kupendwa sana, yaani kwa maji. Chukua ndoo kuukuu au kopo la rangi, toboa matundu manne matano chini, weka kokoto kidogo, halafu udongo uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Mche uung'oe pembeni ya mama yake ukiwa na kimo cha kiganja, uuache kivulini siku mbili tatu kidonda kikauke, ndipo uupande. Usimwagilie siku hiyo hiyo. Baada ya hapo mwagilia udongo ukishakauka kabisa mpaka ndani; wakati wa masika, kama ndoo iko nje, huna haja ya kumwagilia.

Majani yakiwa mekundu au ya kahawia kwa jua kali, usogeze penye kivuli cha mchana. Yakiwa mororo na yanaanguka kama nguo mbichi, mizizi imeoza. Ung'oe, kata palipooza, kausha, anza upya.

Kukata jani

Subiri mmea ufikishe mwaka mmoja na nusu au zaidi na uwe na majani yasiyopungua kumi. Majani ya nje, ya chini, ndiyo yaliyokomaa na ndiyo yenye ute mwingi. Ya katikati yaache, huko ndiko mmea unakokulia. Usikate zaidi ya matatu kwa mkupuo mmoja.

Tumia kisu kikali kilichooshwa kwa sabuni. Pitisha kisu chini kabisa jani linapoungana na mmea, likate lote. Tabia ya kukata ncha ya jani na kuacha kipande kimening'inia naielewa, inaonekana kama kubana matumizi, lakini kile kipande kinakauka na mara nyingine kinaingiza uozo ndani. Mimi nakata jani zima hata kama nataka kijiko kimoja. Linalobaki lina mahali pake kwenye friji.

Kuchuja utomvu

Hatua hii ndiyo inayorukwa na watu wote wenye haraka, na ndiyo kazi yenyewe.

Simamisha jani ndani ya kikombe au chupa iliyokatwa, kidonda kikielekea chini, kwa muda wa nusu saa. Baadhi ya watu husema dakika kumi zinatosha. Kwa jani changa labda. Jani la mshubiri mkongwe nililowahi kulisimamisha liliendelea kudondosha mpaka dakika ya ishirini na tano, tone moja moja, manjano mwanzoni kama mafuta ya mawese yaliyopauka, baadaye nyepesi, mwishoni maji matupu. Liondoe pale likiwa halidondoshi tena. Angalia nguo zako, maana utomvu ukikauka unaacha doa la zambarau au kahawia lisilotoka hata kwa jiki.

Kisha lioshe jani kwa maji yanayotiririka. Lilaze kwenye ubao. Kata sentimita mbili tatu za upande wa shina, maana pale utomvu hujikusanya, na kata ncha pia. Pitisha kisu pembeni kote kuondoa miiba, ukikata ndani kidogo ili uondoe na ukingo wa kijani. Sasa jani limelala bapa, upande mmoja una mbonyeo na mwingine umebinuka. Anza na ule wenye mbonyeo: ingiza kisu chini ya ganda na ukisukume kama unavyochuna samaki ngozi, kisu kikiwa kimelala. Ganda litatoka kipande kimoja. Geuza, fanya hivyo upande wa pili.

Mkononi mwako kutabaki kipande cha ute kinachoteleza kama sabuni iliyolowa. Kiweke kwenye bakuli la maji safi, kiache dakika kumi, yamwage maji, rudia. Ukiona popote pana mstari wa manjano au kijani, ukwangue.

Kipimo cha mwisho ni ulimi. Gusisha ncha ya ulimi tu, usimeze. Ute uliochujwa vizuri hauna ladha, au una ukakasi mdogo wa kama tango. Ukisikia uchungu, rudi kwenye maji. Bibi hakuwahi kuniruhusu kuupaka popote kabla hajauonja yeye.

Ngozi yako iujue kwanza

Wapo ambao mshubiri hauwapatani, hasa wenye mzio wa vitunguu na vitunguu saumu, ambavyo vina ukoo wa mbali nao. Paka kidogo upande wa ndani wa mkono, chini ya kiwiko, usubiri mpaka kesho yake. Pakiwasha, kuwa pekundu au kutoa vipele, mshubiri wako utakuwa pambo la uani.

Kuungua moto: hapa nitakaa kidogo

Hii ndiyo kazi ambayo mshubiri unaijua kuliko zote, na hapo hapo ndipo unapotumiwa ovyo zaidi.

Mtu akiungua na chai, mafuta ya maandazi au pasi, mshubiri si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni maji. Weka palipoungua chini ya bomba, maji ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini. Ni muda mrefu ukiwa na mtoto anayelia, najua. Hesabu kwa saa usikisie. Kama hakuna bomba, mimina kwa kopo bila kukoma. Vua pete, bangili na saa kabla ya kuvimba. Usiweke barafu. Dawa ya meno, yai, unga wa ngano na mafuta ya kupikia ni vitu vya jikoni, viache huko. Vinafungia joto ndani, na hospitalini muuguzi atalazimika kuvikwangua juu ya kidonda, jambo linalouma kuliko moto wenyewe.

Baada ya maji, tazama. Nenda kituo cha afya bila kupaka chochote ikiwa palipoungua ni pakubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe pamoja na vidole vyake (hiyo ni kama asilimia 1 ya mwili wake), ikiwa ni usoni, mikononi, miguuni, kwenye viungo vya siri au maungio, ikiwa ngozi imekuwa nyeupe, nyeusi au ngumu kama ngozi ya ngoma, ikiwa ni umeme au tindikali, na ikiwa aliyeungua ni mtoto mchanga au mzee. Palipokufa ganzi pasipouma ndipo pabaya zaidi. Mtu asikudanganye kwamba "haumi, ni kidogo". Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kilichobaki ni kuungua kudogo: ngozi nyekundu inayouma, au malengelenge madogo ambayo hayajapasuka. Hapo mshubiri una haki yake. Chukua kipande cha ute uliochujwa, kilichokaa friji kama unayo, ukilaze juu ya ngozi kikiwa bapa, au ukiponde kwa uma na upake tabaka nene. Kikikauka, suuza kwa maji, weka kingine. Mara tatu au nne kwa siku. Usisugue na usipasue lengelenge. Ile ni bandeji yako ya asili.

Watafiti waliojumlisha majaribio kadhaa mwaka 2007 waliona majeraha madogo ya moto yaliyotibiwa kwa mshubiri yalipona takriban siku 9 mapema kuliko yale ambayo hayakutibiwa nao. Majaribio yalikuwa machache na hayakufanana, kwa hiyo namba hiyo siibebi kama ahadi. Lakini inalingana na nilichokiona kwenye ngozi yangu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, mimi na sufuria tukiwa maadui wa miaka.

Kidonda kirefu ni habari nyingine. Mwaka 1991 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya wanawake waliokuwa na vidonda vya upasuaji vilivyofumuka, na vile vilivyopakwa jeli ya mshubiri vilichelewa kupona kuliko vingine. Kwa hiyo mshono wa uzazi usiuwekee ute, hata shangazi akisema nini. Kidonda cha kisukari mguuni pia usikiwekee. Hivyo ni vya hospitali tangu siku ya kwanza.

Matumizi mengine ya ngozi na nywele, kwa haraka

Jua la mchana baharini likikubabua, paka ute wa baridi ukitoka kuoga. Vipele vya kunyolewa kidevuni, vivyo hivyo. Vipele vya joto vya watoto shingoni, paka kidogo sana na uache sehemu ipate hewa.

Chunusi: unapunguza wekundu, hauondoi chanzo. Ukitumia wiki nne hujaona mabadiliko, nenda kamwone mtaalamu badala ya kuongeza ndimu, bicarbonate na mdalasini kama wanavyoshauri mtandaoni. Ndimu na jua pamoja huunguza ngozi.

Mba: ponda ute, pitisha kwenye chujio la chai usije ukabaki na vipande nywelani, paka kwenye ngozi ya kichwa na si kwenye nywele, kaa nusu saa, osha kwa shampuu yako ya kawaida. Mara mbili kwa wiki. Mwenye nywele za kipilipili atafurahia ulaini kuliko kupona mba. Kama mba ina magamba mazito na mabaka yasiyo na nywele, hasa kwa mtoto, hiyo huenda ni mashilingi, ni fangasi, na inahitaji dawa ya kumeza.

Vidonda vidogo vya mdomoni, gusisha ute safi na uteme. Basi.

Kuunywa

Najua wengi wamekuja kwa ajili ya sehemu hii. Mtaani unauzwa kwa chupa, na kila chupa inatibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo, nguvu za kiume na mikosi.

Msimamo wangu: mshubiri wa kutengenezewa nyumbani siunywi, na simtengenezei mtu. Sababu si kwamba ute ni sumu. Sababu ni kwamba jikoni hakuna anayeweza kuhakikisha utomvu wote umetoka, na utomvu ndio wenye matatizo. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa madukani dawa za kuharisha zenye shubiri mwaka 2002, kwa kuwa watengenezaji hawakuleta ushahidi wa usalama wake. Katika jaribio la miaka miwili la maabara ya serikali ya huko, panya walionyweshwa juisi ya jani zima isiyochujwa utomvu walipata uvimbe wa saratani kwenye utumbo mpana. Kwa sababu hiyo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka juisi ya jani zima kwenye kundi 2B, yaani huenda ikasababisha saratani kwa binadamu. Panya si watu, na kipimo chao kilikuwa kikubwa. Lakini ile bilauri yangu ya blenda ilikuwa jani zima lisilochujwa, kitu kile kile.

Ambao wasiunywe kabisa, hata ule wa kuchujwa: mjamzito, kwa sababu utomvu unaweza kukaza mji wa mimba, anayenyonyesha, mtoto, mwenye maradhi ya figo au utumbo, anayemeza dawa za kisukari, kwa kuwa mshubiri nao hushusha sukari na viwili pamoja vinaweza kumwangusha, na anayetumia dawa za moyo kama digoxin au za kukojoza kama furosemide, kwa kuwa kuharisha kunampunguzia madini ya potasiamu na moyo unaweza kwenda mrama. Kama umeshaanza kuunywa, mwambie daktari wako. Usimfiche kwa kuogopa kugombezwa.

Mwenye choo kigumu namshauri papai, maji na mboga za majani kwanza. Kikikaa zaidi ya wiki mbili au kina damu, hiyo si kazi ya ndoo ya uani.

Mambo matatu ya mababu ambayo bado yanafanywa

La kwanza ni kumwachisha mtoto ziwa. Mama anapaka shubiri kwenye chuchu, mtoto anaonja, anakunja uso, anaanza kuliogopa ziwa alilolipenda. Inafanya kazi, hilo halina ubishi. Mtoto wa jirani yetu alifanyiwa hivyo. Alikuwa akilitazama ziwa la mama yake kwa mbali kama mtu aliyedhulumiwa. Ila kile anachokilamba ni dawa ya kuharisha, na mtoto wa miaka miwili hana maji mengi ya kupoteza. Wapo mama wanaopunguza ziwa moja kila baada ya siku chache, wakianza na la mchana na kumalizia na la usiku. Inachukua mwezi. Kelele ni zile zile, tumbo linabaki salama.

La pili ni homa. Wazee waliamini kwamba kila kichungu kinaua malaria, wakaunganisha shubiri, mwarobaini na kwinini katika fikra moja. Uchungu si dawa. Homa ikipanda pima. Kipimo cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu ndani ya nusu saa, na dawa mseto zipo. Mtoto aliyenyweshwa shubiri kwa malaria anafika zahanati akiwa na malaria na upungufu wa maji, vyote viwili.

La tatu ni kuku. Wafugaji wengi hukatakata majani ya mshubiri na kuyaloweka kwenye maji ya kuku usiku kucha, wakisema yanazuia ugonjwa wa kideri, ambao wengine huita mdondo. Nimefanya hivyo kwa kuku wa kienyeji na sikuona madhara, tena wanayanywa bila shida kwa sababu kuku hasikii uchungu kama sisi. Lakini kideri kilipopita mtaani kwetu kiliwachukua wote kasoro tetea mmoja, na maji yao yalikuwa ya kijani kibichi. Sasa natumia chanjo ya kideri iitwayo I-2, tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, tukichangiana chupa majirani wanne. Bei ya tone moja ni ndogo kuliko ya yai.

Kuhifadhi

Jani lisilomenywa, likishadondosha utomvu, lifunge kwenye karatasi kisha mfuko, weka friji. Linakaa wiki mbili. Ute uliomenywa unakaa siku nne tano kwenye chombo chenye kifuniko. Ukigeuka waridi au kahawia, au ukianza kutoa harufu ya uchachu, mwaga. Mimi huuponda na kuumimina kwenye trei ya barafu: vipande vile vinakaa miezi kadhaa, na mtu akiungua pasi Jumapili usiku sina haja ya kutoka na tochi na kisu. Ila kipande kikitoka kwenye friza kiyeyushe kwanza, kwa sababu ile ile iliyonifanya nikataze barafu.

Wasio na friji wakate siku ile ile wanapohitaji. Mmea wenyewe ndio friji.

Usichimbe porini

Mtu akikuambia twende tukachimbe mishubiri msituni, mkatalie. Mishubiri yote ya porini iko chini ya mkataba wa CITES wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, isipokuwa Aloe vera peke yake. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa kibiashara wa mishubiri ya porini mwaka 1986 kwa amri ya rais, kwa sababu watu wa Baringo, Laikipia, Samburu na Turkana walikuwa wakiikata kwa wingi kuuza utomvu wa kuchemsha kwa wanunuzi wa nje. Mwaka 2007 zikaja kanuni zinazoruhusu kulima na kuvuna kwa kibali.

Wala hakuna haja. Mshubiri mmoja uliokomaa huzaa watoto pembeni mwake kila mwaka, na mwenye nao kwa kawaida anatafuta wa kumpunguzia. Wangu wa sasa ni kitukuu wa ule wa Tanga, umepita kwa mama yangu na kwa mama mdogo kabla ya kunifikia kwenye mfuko wa Rambo. Una watoto saba ndani ya ndoo moja ya rangi, wanasukumana, na jirani aliyeniomba mche tangu mfungo wa Ramadhani hajaja kuuchukua.